Kifuko kimeshatolewa, mbona apasuliwe tena?

Mshauri, salamu.

Mume wangu ana miaka 46. Ni fundi wa magari kule Grogan, na kazi yake hasa ni kushusha na kurekebisha giaboksi. Mwezi wa pili alishikwa na maumivu makali ya tumbo upande wa kulia, chini, akatapika usiku kucha. Tulipomfikisha hospitali madaktari walisema ni kidole tumbo. Walipomfungua wakakuta kidole tumbo hakina shida, ila kwenye utumbo mwembamba, kama sentimita 60 kabla ya kufika utumbo mpana, palikuwa na kifuko cha sentimita tano kilichovimba. Wakakikata pale kinapoanzia, wakashona, akapona kidonda. Tukajua yamekwisha.

Siku ya kutolewa nyuzi ndipo tulipopewa karatasi ya maabara. Imeandikwa kwamba hicho ni kifuko cha Meckel, na kwenye ncha yake palikuwa na uvimbe wa sentimita 1.1, aina ya nyuroendokrini, daraja la kwanza, Ki-67 chini ya asilimia 2, na umepenya hadi tabaka la msuli. Kwenye mstari wa tezi za limfu wameandika tu kwamba hazikuletwa.

Daktari wa saratani anataka apasuliwe tena, akatwe kipande cha utumbo pamoja na tezi zake. Daktari aliyempasua mara ya kwanza anasema uvimbe ulikuwa mdogo na umetoka wote, kwa hiyo afuatiliwe kwa skani. Wote wawili ni wataalamu, nasi tumebaki katikati. Halafu kipimo cha damu kinachoitwa kromogranini A kikarudi kikiwa juu ya kiwango, na tangu siku hiyo silali. Yeye hunywa omeprazole kila asubuhi kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Sijui kama inahusika.

Mume wangu amekataa katakata. Anasema kisu kikigusa kitu hicho tena ndipo kitasambaa, na hutaja jirani yetu aliyefunguliwa akafungwa papo hapo, hakumaliza mwezi. Anasema pia kwamba mteja wa Grogan hamngojei fundi aliyelala kitandani. Tuna akiba kwenye sacco, lakini ile ni karo ya kifungua mimba wetu anayeingia chuo mwezi wa tisa.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba amenikataza kumwambia mtu yeyote. Ana kaka wawili hapa hapa Nairobi, na yule mkubwa akisema neno yeye husikia. Mama yake yuko ushago. Nikimwambia mwanawe alizaliwa na kifuko hiki, atajilaumu, kwa sababu kila tukikutana husimulia jinsi kitovu cha mume wangu kilivyochelewa kupona alipokuwa mtoto.

Je, nimshinikize? Niwaambie kaka zake hata akinikasirikia? Au nimwache na uamuzi wake? Na mtoto wetu wa pili, wa miaka 14, hulalamika tumbo mara kwa mara. Apimwe?

Mama Watatu, Umoja

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Na asante kwa kuinakili ile karatasi ya maabara, maana wengi huandika tu kwamba mgonjwa ameonekana na uvimbe, na hapo mtu hana pa kuanzia.

Nikikusoma vizuri, unauliza mambo mawili kwa pamoja. Moja ni la tumbo la mumeo: apasuliwe tena au afuatiliwe. La pili ni la nyumba yenu: nani ajue, na nani aamue. Naona yanakulemea zaidi kwa sababu yamechanganyika. Ukiamini kwamba kila wiki inayopita inamuua, kuwaambia kaka zake kutaonekana ni lazima, tena leo. Kwa hiyo nianze na huo muda.

Uvimbe wa nyuroendokrini, yaani wa seli zinazotoa homoni, ukiwa wa daraja la kwanza, wenye Ki-67 (kipimo cha kasi ya seli kugawanyika) chini ya asilimia 3, hukua polepole. Sisemi mkae mwaka mzima. Nasema kwamba wiki chache za kutafuta taarifa ambazo bado hamna hazitabadilisha sana hali yake, na taarifa hizo hamna kweli. Mumeo anaambiwa aamue kwa karatasi ambayo haijakamilika.

Tazama tena ripoti. Kama uliinakili yote, hakuna panapotaja ukingo wa mkato, yaani kama pale kifuko kilipokatwa pana seli za uvimbe au pako safi. Uvimbe ulikuwa kwenye ncha ya kifuko cha sentimita tano, kwa hiyo kuna matumaini kwamba shina lilikuwa safi, lakini matumaini hayatoshi, lazima iandikwe. Ripoti ya uvimbe isiyotaja ukingo, kwangu mimi, ni nusu ripoti. Ombeni pia iandikwe kama uvimbe ulikomea ndani ya msuli au ulivuka hadi kwenye mafuta ya nje, na kama seli zilionekana ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu. Majibu hayo yanaweza kuusogeza ushauri wa daktari upande mmoja au mwingine.

Hili linawezekana bila kumgusa mgonjwa. Maabara huhifadhi vipande vya nyama ndani ya bloku za nta, pamoja na slaidi za kioo. Mnaweza kuomba mwanapatholojia wa pili, yaani daktari anayechunguza vipande hivyo kwa darubini, hasa aliyezoea magonjwa ya utumbo, avisome upya. Mkikabidhiwa bloku mkononi, hesabuni mbele ya anayewapa na mpate karatasi yenye namba zake. Zibebeni kwenye mkoba, msiziache juu ya dashibodi juani, kwa sababu nta hulainika na kipande kikiharibika hakuna kingine.

Sasa kipimo kilichokunyima usingizi. Omeprazole inahusika sana. Dawa hiyo hupunguza asidi ya tumbo, mwili nao hujibu kwa kutoa homoni ya gastrini kwa wingi, na gastrini huchochea seli za ukuta wa tumbo kumwaga kromogranini, protini ile ile ambayo uvimbe wa aina hii huitoa. Mtu asiye na uvimbe wowote anaweza kupata namba ya juu, hata mara kadhaa ya kiwango, kwa sababu ya kidonge cha kila asubuhi. Figo zisizofanya kazi vizuri nazo huipandisha. Kwa kawaida dawa husimamishwa wiki mbili hivi kabla ya kupima, lakini asiiache kienyeji. Aliyewahi kutokwa na damu kwenye vidonda anahitaji daktari ampangie cha kushikilia kwa muda huo. Mwambieni daktari wa saratani kuhusu omeprazole, kisha muone kama kipimo kinafaa kurudiwa.

Huenda pia akaombwa mkojo wa saa 24, wa kupima mabaki ya serotonini, homoni ambayo uvimbe wa aina hii unaweza kuitoa. Mkojo wa kwanza wa asubuhi humwagwa, kisha unaofuata wote hukusanywa hadi ule wa kwanza wa kesho yake. Asikojoe moja kwa moja ndani ya chupa ya maabara, kwa kuwa mara nyingi ina asidi. Siku tatu kabla na siku yenyewe, aache ndizi za aina zote, parachichi, nanasi, biringanya na nyanya, kwa sababu vyakula hivyo hupandisha majibu bila ugonjwa. Najua mchuzi wa Nairobi usio na nyanya ni adhabu. Mpikie sukuma kwa kitunguu na mafuta, zitapita. Ila mjue kwamba uvimbe ambao haujafika kwenye ini kwa kawaida hauleti dalili za homoni, kwa sababu ini huivunja serotonini kabla haijazunguka mwilini. Dalili zenyewe ni joto la ghafla na wekundu usoni na kifuani, kuhara maji hata usiku, na kifua kubana. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo si rahisi kuonekana, kwa hiyo muulize kama anahisi joto. Akiwa nazo, daktari wa ganzi ajue kabla ya upasuaji wowote.

Kuhusu skani, CT yenye dawa ya mshipani ndiyo ya kuanzia, lakini inaweza kukosa tezi ndogo. Mashine za PET zipo Nairobi, Aga Khan na pia hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kabla hamjalipa, ulizeni ni dawa gani itakayotumika. PET ya kawaida hutumia sukari yenye mionzi, na uvimbe wa polepole kama huu hauli sukari kwa pupa, kwa hiyo picha inaweza kuonekana safi na isiwe safi. Inayofaa ni ile ya galiamu-68 DOTATATE, inayonasa kwenye vipokezi vya seli hizi zenyewe. Watu hulipa pesa nyingi kwa picha isiyowafaa, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Tuje kwa madaktari wawili. Umeandika kama kwamba mmoja wao lazima awe amekosea. Sidhani. Kifuko cha Meckel ni sehemu ya utumbo mwembamba, ni mabaki ya mfereji uliounganisha utumbo wa kijusi na kifuko cha kiini. Mtaalamu wa Ujerumani, Johann Friedrich Meckel, alieleza asili yake mwaka 1809. Karibu watu wawili katika kila mia wanacho. Kwa Nairobi, ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4, hao ni kama 88,000, na wengi watazeeka bila kujua. Uvimbe ndani yake ni nadra sana. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 kutoka kwa rekodi za saratani ulionyesha kwamba, ukilinganisha na utumbo wa eneo hilo kwa ukubwa wake, kifuko hiki kina hatari ya saratani zaidi ya mara 70, na nyingi kati ya saratani hizo ni za aina hii ya mumeo. Uvimbe wa nyuroendokrini wa utumbo mwembamba una tabia moja mbaya: unaweza kufika kwenye tezi za limfu ukiwa bado na sentimita moja tu. Wa mumeo umeingia msulini, na tezi hazikupimwa. Hapo ndipo aliposimama daktari wa saratani.

Aliyempasua naye ana hoja. Daraja ni la chini, uvimbe ulikuwa mbali na shina, na upasuaji wa pili una madhara yake. Ugonjwa ukiwa nadra hivi, hakuna majaribio makubwa yaliyolinganisha njia hizo mbili, ushauri hutokana na kukusanya taarifa za wagonjwa wachache wachache. Daktari akikuambia ana uhakika wa asilimia mia, muulize kwa upole amejuaje. Njia ya heshima ni kuomba faili ipelekwe kwenye kikao cha madaktari wa saratani, wapasuaji, wa picha na wa patholojia. Hospitali kubwa za rufaa huwa na vikao hivyo.

Akichagua kupasuliwa, kitakachofanyika ni kukata kipande cha utumbo pale kifuko kilipokuwa, pamoja na kipande cha pembetatu cha utando unaobeba mishipa na tezi, kisha ncha mbili kuunganishwa. Mpasuaji anapaswa pia kuupitisha utumbo mwembamba wote vidoleni, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu aina hii ya uvimbe wakati mwingine huwa zaidi ya mmoja. Hatari inayoogopwa zaidi ni kiungo kuvuja, kwa kawaida ndani ya wiki ya kwanza: homa, moyo kwenda mbio, maumivu yanayozidi wakati yalipaswa kupungua. Nyingine ni kidonda kupata maambukizi, na makovu ya ndani yanayoweza kuziba utumbo hata miaka baadaye. Ulizeni utumbo utakatwa kiasi gani na umbali gani kutoka utumbo mpana. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ndiyo inayofyonza vitamini B12. Ikikatwa kipande kidogo juu yake, kwa kawaida hakuna shida. Ikiondolewa kama sentimita 60 za mwisho, anaweza kuhitaji sindano za B12 maishani, na kuhara kunakotokana na nyongo.

Akichagua kufuatiliwa, pia si kukaa bure. Ni skani kila miezi sita hadi kumi na miwili mwanzoni, na kuendelea kwa miaka kumi au zaidi, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kurudi ukiwa umeshasahaulika. Hatari yake ni tezi iliyokuwa na ugonjwa tangu mwanzo kukua kimya, kuukunja utando wa utumbo na kubana mishipa, au kupeleka mbegu kwenye ini. Na mnaofuatilia mjiulize kwa ukweli: mwaka wa nne, akiwa hana maumivu yoyote na kuna kazi Grogan, atakwenda?

Sasa mume wako. Umesema amekataa, lakini naona sababu tatu tofauti, na kila moja ina jibu lake. Ile ya kisu kusambaza saratani imeenea kila mtaa. Mara nyingi anayefunguliwa na kufungwa huwa na ugonjwa uliokuwa umeshaenea kabla ya kisu, na mpasuaji hufunga kwa sababu hakuna cha kuondoa. Hatujui jirani yenu alikuwa na saratani gani wala ilikuwa imefika wapi. Tena kisu kimeshapita mara moja tumboni mwa mumeo, na pengine ndicho kilichoonyesha uvimbe mapema. Muulize anachoogopa hasa ni kupasuliwa, au ni kitakachoonekana humo ndani. Hilo la pili halitibiwi kwa takwimu, litaongewa nyinyi wawili, pengine zaidi ya mara moja.

Ya kazi ni ya kweli kabisa, usiichukue kama kisingizio. Baada ya upasuaji wa tumbo kwa kawaida mtu huzuiwa kunyanyua vitu vizito kwa wiki sita hivi, na giaboksi ni mzigo unaoweza kufungua mshono wa ndani na kuleta ngiri. Muulizeni mpasuaji kama inawezekana kupitia matundu madogo, na kama tarehe inaweza kupangwa ili mwanafunzi wake wa kazi ashike gereji naye aelekeze akiwa ameketi.

Kuhusu pesa, msianze kuhesabu karo kabla hamjajua bima italipa nini. Hakikisheni michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, haina pengo, na muombe idhini ya SHA kabla ya tarehe ya kulazwa, si baada yake. Mtoto anayeingia chuo anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hata kama akiba ipo.

Kuwaambia kaka zake bila ruhusa kunaweza kufanya kazi. Mkubwa atakuja, atasema neno, na huenda mumeo akakubali. Huenda pia akakubali kwa aibu, na kuanzia hapo asikuonyeshe karatasi nyingine tena, nawe ndiye unayezisoma. Kuna pia hatari ya habari kufika kwenye kundi la WhatsApp la mchango kabla hajajiandaa. Kwa upande mwingine, kukaa na siri hii peke yako kunakudhoofisha, na hilo lina haki ya kusemwa. Unaweza kumwambia wazi: mwili ni wako, nami sitakusaliti, lakini siwezi kubeba peke yangu, chagua mtu mmoja tutakayemwambia. Wengine huanza na ombi dogo zaidi, kwamba akubali tu slaidi zisomwe upya na skani ifanyike, bila neno la kupasuliwa. Wewe unamjua, mimi simjui. Ni lipi kati ya hayo atalisikia bila kuhisi amezungukwa?

Mama mkwe akija kujua, mwambie hivi: ule mfereji kwa kawaida hujifunga kufikia wiki ya saba hivi ya ujauzito, wakati wanawake wengi ndio kwanza wanaanza kujishuku. Hakuna chakula alichokula wala kazi aliyofanya iliyouacha wazi. Na kitovu kuchelewa kupona hakukuleta kifuko. Kama vina uhusiano wowote, basi vyote viwili vilitokana na mfereji huo huo, si na mkono wa aliyemlea.

Mtoto wa miaka 14 hahitaji kupimwa kwa sababu ya baba yake. Kifuko hiki kwa kawaida hakirithiwi, na hatukitafuti kwa watoto wasio na dalili zake. Mpeleke kwa daktari kwa sababu ya tumbo lenyewe. Akiona damu kwenye choo, au maumivu yakimwamsha usiku, mtaje habari ya baba.

Jambo moja hukulisema, nalo ni dogo lakini lina uzito. Walipomfungua na kukuta kidole tumbo hakina shida, walikiondoa au walikiacha? Wapasuaji wengi hukitoa, si wote. Daktari wa zamu akiona kovu lile upande wa kulia atadhani hakipo. Chukueni nakala ya ripoti ya upasuaji, mkae nayo. Akitapika matapishi ya kijani, tumbo likijaa bila kutoa hewa wala choo, au akipata choo cheusi cha kunata, nendeni hospitali usiku huo huo mkiwa nayo mkononi.